Nyumba ya mzazi inauzwa kulipia uuguzi: shajara ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 30

Kipimo cha fedha katika shajara hii ni kimoja: mwezi. Mwezi 1 ni ada ya kituo cha uuguzi kwa mwezi mmoja. Kila kiasi kingine, kuanzia bei ya nyumba hadi ndoo ya rangi, kimegeuzwa kuwa miezi. Familia hubishana juu ya bei kwa sababu kila mtu ana nyumba yake kichwani. Ukisema "hiyo ni miezi mitatu ya mzee", ubishi hupungua.

Hali ya kuanzia: nyumba ya chini, vyumba vitatu vya kulala, hati yenye majina mawili, mwenzi mmoja ameshafariki. Mzee husahau leo ni siku gani, ila anajua nyumba ni yake na anajua kwa nini inauzwa. Akiba benki: miezi 9. Pensheni: 0.25 kila mwezi.

WIKI YA 1. Nani atasaini

Hakuna dalali aliyepigiwa simu wiki hii, na ndivyo inavyotakiwa. Kazi ya kwanza ni hati ya uwakili, yaani karatasi inayompa mtoto au mtu mwingine mamlaka ya kusaini kwa niaba ya mzee. Katika mfumo wa sheria wa Uingereza, na nchi nyingi zilizourithi, hati ya kawaida ya uwakili hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuelewa, yaani siku ileile inapohitajika. Inayofaa ni ile inayoendelea kuwa hai hata akili ikififia, na nchi nyingi zinayo kwa jina moja au jingine. Sharti lake halina mjadala: isainiwe mzee akiwa bado anaelewa. Ukichelewa, njia iliyobaki ni mahakama kuteua msimamizi. Hiyo ni miezi ya kusubiri, hesabu za kuwasilisha kila mwaka, na mara nyingi kibali cha hakimu kwa uuzaji wenyewe.

Siku ya kusaini ilipangwa asubuhi, mzee akiwa hajachoka. Miwani ilifutwa, betri ya kifaa cha kusikia ikabadilishwa. Si mapambo hayo: mzee asiyesikia swali hutikisa kichwa tu, na anaonekana haelewi. Barua ya daktari kuhusu uwezo wake wa kuamua iwe ya siku hiyohiyo au jana yake. Ya mwezi uliopita inampa mpinzani mlango. Wakili aliongea na mzee peke yake, watoto wakiwa nje, maana pingamizi la kawaida baadaye ni kwamba mzee alishurutishwa. Mkono ukitetemeka kiasi cha saini kutofanana na ya zamani, tumia dole gumba, pamoja na maelezo ya shahidi kwamba hati ilisomwa kwa sauti na mzee akaikubali.

Maneno ya hati yataje wazi "kuuza" na namba ya kiwanja. Maneno ya jumla, kama "kusimamia mambo yangu yote", mara nyingi hukwama kwenye dirisha la usajili.

Wakili aliulizwa pia kuhusu wosia. Kama nyumba iliachiwa mtoto mmoja kwa jina lake, na nyumba ikauzwa mzee akiwa hai, kwa kawaida zawadi ile hufa, na mtoto yule hapati fedha badala yake. Mzee aelezwe sasa, abadili wosia akitaka. Mtoto mwenyewe naye ajue kabla bango halijapigiliwa getini.

WIKI YA 2 NA 3. Hati miliki

Upekuzi rasmi umefanyika katika ofisi ya ardhi. Usitegemee nakala ya kabatini. Hiyo inaeleza hali ya siku ilipotolewa. Mambo matatu yalijitokeza, na yote ni ya kawaida kwa nyumba iliyokaliwa muda mrefu.

La kwanza, jina la marehemu bado lipo. Swali ni aina ya umiliki wa pamoja. Kama ni ule ambao aliyebaki hurithi moja kwa moja, cheti cha kifo na fomu vinatosha. Kama kila mmoja alikuwa na fungu lake, fungu la marehemu lipitie mirathi kwanza, na hapo ratiba nzima inavunjika. Hati hii ni ya aina ya kwanza. Muda uliotumika: wiki tatu.

La pili, rehani iliyomalizwa kulipwa zamani ila haikufutwa kwenye daftari. Benki hutoa barua ya kumaliza deni, mteja anaiweka kwenye bahasha, basi. Hakuna anayeipeleka kusajiliwa. Barua ikipotea, omba nyingine mapema, hasa kama benki ile imeshaungana na nyingine na majalada yamehamishwa ghala.

La tatu, jina la tatu la mzee kwenye hati lina herufi moja tofauti na kitambulisho. Dawa yake ni hati ya kiapo cha majina. Ni kazi ya saa moja ukiwahi, lakini ikigunduliwa wiki ya 27 inazuia malipo.

Pendekezo la kuhamishia nyumba kwa mtoto "ili kituo kisiifikie" limekataliwa. Penye msaada wa serikali kwa gharama za uuguzi, mamlaka hutazama nyuma. Marekani, mpango wa Medicaid katika majimbo mengi huchunguza mali iliyotolewa bure au kwa bei ya chini ndani ya miezi 60 kabla ya maombi. Na hata pasipo msaada wowote, nyumba iliyo kwa jina la mtoto inaingia kwenye madeni ya mtoto na talaka yake.

WIKI YA 4. Hesabu

Akiba 9. Toa amana ya kituo 1, toa 1.4 ya kuondoa vitu na matengenezo, zinabaki 6.6. Matumizi ya kila mwezi baada ya pensheni ni 0.75 kituoni, na 0.12 kwa nyumba tupu (bima, umeme, kodi ya jengo, mtu wa kuangalia). Jumla 0.87. Kwa hiyo akiba inadumu miezi 7.6 tangu mzee ahamie kituoni wiki ya 5, yaani hadi wiki ya 38. Namba hiyo imeandikwa kwa wino mwekundu juu ya jalada.

Kupangisha kulipimwa pia. Pango lingeleta 0.3. Ukijumlisha pensheni unapata 0.55, pengo ni 0.45, na akiba yote ingeisha baada ya miezi 20 hata kama mpangaji hakosekani na paa halivuji. Kupangisha kunafaa pale pango na pensheni vinapokaribia ada. Hapa havikaribii.

Kosa moja la hesabu hurudiwa sana: kusema kila mwezi wa kuchelewa kuuza "unakula mwezi mzima wa ada". Haiko hivyo. Ada italipwa nyumba ikiuzwa leo au mwakani. Gharama halisi ya kuchelewa ni ile 0.12, pamoja na riba kama kuna mkopo wa kuziba pengo. Kinachotisha ni fedha taslimu kukauka wiki ya 38, kwa sababu kuanzia hapo mnunuzi ndiye anayepanga bei.

WIKI YA 5. Mzee amehama

Kabla hajahama, mshauri wa kodi aliulizwa swali moja: msamaha wa kodi ya faida ya mauzo kwa makazi makuu unadumu muda gani baada ya mwenyewe kuondoka? Nchi nyingi zina ukomo, na baadhi huurefusha kwa aliyeingia kituo cha uuguzi. Jibu liwe la maandishi.

Bima siku hiyohiyo. Sera nyingi za nyumba hupunguza au hufuta kinga nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60. Kampuni imejulishwa, masharti mapya ni ukaguzi kila wiki na daftari la saini.

Maji yamefungwa kwenye koki kuu, mabomba yakaachiwa yakamwaga. Friji imezimwa, imekaushwa, mlango ukawekewa kipande cha mbao usijifunge. Ukijifunga, ukungu unaota ndani ya wiki mbili. Halafu kuna harufu ambayo wengi huidhania ni panya aliyekufa. Chini ya kila sinki na kila tundu la bafuni kuna mpindo wa bomba wenye maji ya kina cha sentimita 5 hadi 7, na maji hayo ndiyo kizibo cha hewa ya shimo la choo. Nyumba ikikaa tupu, yanakauka kwa wiki chache, hewa inapanda. Kikombe cha maji kila tundu, na vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke upesi. Mkaguzi wa kila wiki ameonyeshwa matundu yote matano, likiwemo la stoo ambalo hakuna aliyelikumbuka.

WIKI YA 6 HADI 9. Kuondoa vitu

Makisio yalikuwa wiki mbili. Zimekuwa nne, na hii ndiyo hatua inayopotosha ratiba kuliko zote. Sababu si wingi wa vitu. Kila kitu kinashikwa mara tatu kwa kuwa hakuna aliyepewa neno la mwisho.

Karatasi kwanza, kabla ya samani hata moja kutoka. Zilitafutwa chini ya magodoro, mifuko ya makoti, ndani ya vitabu, makopo ya jikoni, mkoba ndani ya mkoba. Zilizopatikana: stakabadhi za kodi ya jengo, ile barua ya benki ya kumaliza rehani (ilikuwa kwenye albamu ya picha), hisa za zamani, funguo tatu zisizo na mlango. Dawa zilizobaki zimerudishwa duka la dawa, hazikutupwa chooni wala jalalani.

Chumba cha kituo kilipimwa kabla ya kuchagua: mita 4 kwa 3.5, mlango sentimita 90, kitanda ni cha kituo. Kiti kimoja, kabati moja dogo, picha. Mzee alichagua kwanza. Baada yake kila mtoto alipewa stika za rangi yake, idadi sawa, na kitu chenye stika mbili kikaamuliwa kwa kura. Cherehani ilipata stika nne.

Vitu vya kuuza vilipigwa picha na kuorodheshwa, na fedha yake ikaingia akaunti ya mzee hata iwe ndogo kiasi gani. Mfuko wa mtoto usiguse fedha hii hata kwa siku moja. Kesi nyingi za ndugu huanzia kwenye friji iliyouzwa bila risiti.

WIKI YA 10 HADI 12. Matengenezo

Kanuni iliyotumika: tengeneza kinachomfanya mnunuzi ashuku, acha kinachohusu ladha yake. Jiko jipya halikuwekwa, maana mnunuzi atalibomoa. Paa lilizibwa.

Doa la unyevu chumba cha kati lilikuwa limepakwa rangi juu angalau mara mbili. Linaanza sakafuni, linaishia chini kidogo ya mita moja, umbo ambalo mara nyingi huonyesha maji yanayopanda kutoka ardhini. Nje, chanzo kilionekana: bustani ilikuwa imeinuliwa kwa udongo mpaka juu ya usawa wa sakafu, na mfereji wa paa ulioziba ulikuwa ukimwaga palepale. Udongo umechimbwa hadi sentimita 15 chini ya sakafu, mfereji umezibuliwa, na ukuta umeachwa ukauke wiki mbili kabla ya rangi. Si muda wa kutosha kwa ukuta mnene, na dalali ameambiwa awaeleze wanunuzi wazi. Kuficha kasoro unayoijua ni kumwandalia mnunuzi kesi.

Doa la dari: rangi ya maji hailizuii, hupenya na kurudi la kahawia baada ya siku chache. Praima ya mafuta kwanza, halafu rangi.

Kiasi cha rangi kwa chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.7: mzunguko mita 15, ukuta mita za mraba 40.5, toa mlango na dirisha, zinabaki 37. Mikono miwili ni 74. Lita moja hufunika kama mita 10 za mraba, basi lita 7.5. Rangi moja nyeupe iliyofifia nyumba nzima, ili mabaki ya chumba kimoja yamalizie kingine.

Fundi umeme alikagua nyaya. Mbili zenye ganda lililokauka zimebadilishwa, na cheti chake kimewekwa kwenye jalada la mnunuzi. Jumla ya kuondoa vitu na matengenezo: 1.4 kama ilivyokisiwa, lakini kwa bahati tu. Kazi ya udongo haikuwa kwenye makisio.

WIKI YA 13. Bei

Mthamini mmoja wa kulipwa, madalali watatu wa bure. Mthamini: 64. Madalali: 62, 65 na 75. Dalali wa 75 haijui nyumba hii vizuri kuliko wenzake. Anataka mkataba wa kuwa dalali pekee, kisha baada ya miezi miwili ataomba bei ishushwe. Kila mmoja aliulizwa swali moja: nyumba tatu za mwisho zilizofanana na hii ziliuzwa kwa ngapi, si zilitangazwa kwa ngapi. Wawili walijibu.

Ripoti ya mthamini ilisomwa mpaka chini, kwa sababu huwa na bei mbili: ya soko, na ya kuuza kwa shinikizo. Ya pili haonyeshwi mtu. Bei ya tangazo: 66.

WIKI YA 14 HADI 19. Sokoni

Picha zimepigwa saa nne asubuhi, mapazia wazi, kutoka pembe ya chumba, kamera usawa wa kifua. Wageni 11, ofa mbili. Hakuna zaidi la kuandika.

WIKI YA 20. Ofa

Ofa A: 65, mnunuzi wa mkopo wa benki. Ofa B: 62 ikapanda hadi 63, fedha taslimu, ushahidi wa akaunti umeonekana.

Kwa hesabu tupu A inashinda. Hata ikichukua miezi mitatu zaidi, kuchelewa kunagharimu 0.36 tu, na A imezidi kwa 2. Ila benki ya mnunuzi hutuma mthamini wake, akisema 61 mkopo unapungua na mazungumzo yanaanza upya. Mkopo ukikataliwa wiki ya 30, zinabaki wiki nane kabla ya wino mwekundu, na mnunuzi mpya hamalizi usajili kwa wiki nane. B imekubaliwa. Kama akiba ingefika wiki ya 60, uamuzi ungekuwa A.

WIKI YA 21 HADI 28. Mkataba

Arubuni ni asilimia 10, inakaa akaunti ya wakili wa muuzaji hadi usajili ukamilike. Mkataba unataja tarehe ya mwisho na nani anapoteza nini akijiondoa.

Ucheleweshaji ulitokana na stoo. Ilijengwa nyuma ya nyumba bila kibali, na wakili wa mnunuzi aliiona kwa kulinganisha ramani iliyosajiliwa na picha za tangazo. Njia zilikuwa tatu: kurasimisha, kubomoa, au kupunguza bei. Kurasimisha kulikisiwa wiki sita na kukachukua saba, bei haikuguswa. Swali la majengo ya nyongeza lingeulizwa wiki ya 2, wakati wa upekuzi, wiki hizo zingepita zikiwa ndani ya muda wa kuondoa vitu. Ndilo kosa kubwa la mradi huu.

Wiki ya 27 ilikuja barua pepe kwa mnunuzi, ikionekana imetoka kwa wakili, yenye namba mpya ya akaunti. Ilikuwa ya matapeli. Mnunuzi alipiga simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyokuwa kwenye barua. Utaratibu huo ulikuwa umeandikwa kwenye mkataba: akaunti haibadilishwi kwa barua pepe.

WIKI YA 29. Makabidhiano

Mita za maji na umeme zimesomwa pande zote zikiwepo, zimepigwa picha zikionyesha tarehe. Funguo 14 zimekabidhiwa, zimeandikwa. Zile tatu zisizo na mlango nazo zimeenda.

Bei 63, toa 3 za dalali, wakili, kodi na usajili. Iliyoingia akaunti ya mzee: 60. Akiba iliyobaki: 1.6.

WIKI YA 30. Miezi 60 ni miezi mingapi?

Pensheni inalipa 0.25, kwa hiyo 60 gawanya kwa 0.75 ni miezi 80. Hiyo ni karatasi. Vituo hupandisha ada kila mwaka. Tukichukua asilimia 6 kwa mwaka, pensheni ikibaki palepale, pengo la mwaka wa kwanza ni 9, wa pili 9.72, wa tatu 10.48, wa nne 11.29, wa tano 12.15. Yanabaki 7.36, yanayotosha kama miezi sita na robo tatu ya mwaka wa sita. Jumla ni miezi 66 kamili, si 80. Riba ya benki haikuhesabiwa. Iachwe iwe mto wa kulalia.

Fedha imekatwa kwa mafungu hayohayo. 9 akaunti ya kawaida, malipo ya kituo yanakatwa yenyewe kila mwezi. Mafungu mengine ni amana za muda maalumu, kila moja inaiva mwezi mmoja kabla ya mwaka wake kuanza. Zimegawanywa kwenye benki mbili, kwa sababu bima ya amana ina ukomo kwa kila mteja katika kila benki. Ile 1.6 ni ya meno, miwani, na siku ya hospitali.

Bado wazi: ada ya bima ya nyumba imekatwa tena kwenye akaunti siku nne baada ya makabidhiano, irudishwe na agizo lifutwe. Sehemu ya kodi ya jengo iliyolipwa mwaka mzima idaiwe. Nakala ya daftari la ardhi yenye jina la mnunuzi ichukuliwe, ibaki kwenye jalada, maana bili ya kodi ya mwaka ujao inaweza kuja tena kwa jina la mzee.